Katiba Inayosomeka na Kompyuta: Mwongozo wa Kutunga Lugha ya Fani

Mwandishi wa programu za kompyuta anapoitwa na watu wa kazi fulani awatengenezee chombo cha kuwasaidia, huja na istilahi zake kama fundi ajaye na kipimo chake mfukoni, na wenyeji wa kazi nao wana maneno yao waliyoyarithi na kuyazoea, na baina ya pande hizo mbili huzuka ukalimani usiokwisha, ambamo kila neno livukapo kutoka upande mmoja kwenda wa pili huacha kitu njiani. Mwongozo huu umekusudiwa wewe msomaji uliyekwisha kujua kuandika programu, uwe unatumia Java, Python, Kotlin au nyingineyo, na sasa umefikwa na haja ya kutunga lugha ndogo, yenye maneno machache na sarufi nyepesi, ambayo wenye kazi wataweza kuisoma na kompyuta itaweza kuitii.

Lugha za namna hiyo si jambo geni. SQL, ambayo kazi yake ni kuiuliza hifadhidata na kuitunza, ilizaliwa katika maabara ya IBM huko San Jose mwaka 1974 mikononi mwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce. Make, ambayo huiambia kompyuta kipi kijengwe kabla ya kipi, ilitungwa na Stuart Feldman wa Bell Labs mwaka 1976. Na nguvu ya lugha hizo mbili imo katika ufinyu wake, kwani hazikujaribu kusema kila kitu. Mwaka 2003 Eric Evans alitoa kitabu kikubwa, Domain-Driven Design, ambacho ndani yake, kwa mfano wa usafirishaji wa shehena, alishikilia kwamba wenye kazi na waandishi wa programu sharti wawe na lugha moja ya pamoja, itumike katika mazungumzo, katika michoro na katika msimbo wenyewe. Mwaka 2010 Martin Fowler naye akatoa kitabu juu ya lugha mahususi za fani. Wengi huvisoma vitabu hivi kama habari mbili mbalimbali. Mimi naona ni habari moja, maana lugha ya fani si kitu ila ile lugha ya pamoja iliyotiwa sarufi, na mtu asiyekuwa nayo ya kwanza akijaribu kutunga ya pili, atakachokipata ni Java iliyovishwa kanzu.

Ili maneno yetu yasielee hewani, nitachukua kazi moja na kukaa nayo: kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho wengine hukiita kikoba na wengine kikundi cha hisa. Utaratibu wake unaojulikana zaidi ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa kazi ya shirika la CARE pamoja na wanawake wa huko, kisha ukaenea katika nchi nyingi za Afrika, na ulipofika kwetu ulimkuta ndugu yake mkubwa, upatu, amekwisha kuwafundisha watu uaminifu wa zamu. Watu wa kikundi, aghalabu 15 hadi 25, hukutana kila juma. Kila mmoja hununua hisa, kwa kawaida 1 hadi 5. Fedha hutiwa katika sanduku lenye makufuli matatu, ambayo funguo zake hushikwa na watu watatu. Humo watu hukopeshana. Na mwisho wa mzunguko, baada ya miezi 9 hadi 12, sanduku hufunguliwa na kila mtu huchukua akiba yake pamoja na faida iliyoifuata. Kila kikundi kina katiba yake, iliyojadiliwa na kupigiwa kura, na katiba hiyo, msomaji, ni nusu ya lugha uitafutayo, imekwisha kuandikwa kabla wewe hujafungua kompyuta.

Walakini usikimbilie kutunga. Kama unatumikia kikundi kimoja tu, jedwali la vigezo, lenye bei ya hisa, kiwango cha ada na kiasi cha faini, latosha, na lugha itakuwa mzigo utakaoubeba peke yako. Haja ya lugha hudhihiri pale programu moja inapotumikia vikundi mia, ambavyo vinatofautiana katika umbo la kanuni zenyewe mbali na tarakimu zake: kimoja hutoza ada juu ya deni lililobaki, cha pili hutoza mara moja tu siku ya kukopa, cha tatu hakitozi chochote, kimoja humsamehe faini mgonjwa, kingine humtaka alete cheti cha daktari. Tofauti zikiwa za tarakimu, tumia jedwali. Zikiwa za maneno, hapo tunga lugha. Niliwahi kumwona kijana hodari akitunga lugha nzima, na sarufi yake, kwa ajili ya duka lililokuwa na kanuni moja ya punguzo la bei, na kanuni yenyewe haikubadilika hata siku moja. Kazi yake ilikuwa nzuri ajabu, na hapana aliyeitumia.

Ukiisha kuridhika kwamba haja ipo, nenda ukasikilize. Hudhuria mikutano mitatu au zaidi, uketi nyuma, bila kompyuta, na daftari mkononi, ukiandika maneno kama yanavyotamkwa, wala si kama wewe unavyoyatafsiri kichwani. Utasikia mathalani kwamba mtu akinunua hisa hupigwa muhuri, kwa sababu kila hisa hugongwa muhuri mmoja katika kitabu chake, na baada ya muda kitendo na alama yake vimekuwa kitu kimoja katika mazungumzo, hata mtu husema leo amepiga mihuri minne na kila mmoja akafahamu. Programu yako ikimtaka mtu huyo aingize muamala wa ununuzi wa hisa, umemrudisha shuleni bila sababu. Utasikia pia kwamba wanachama huitana kwa nambari wakati wa hesabu, namba saba, namba kumi na mbili, na jambo hili lina faida ambayo nitaieleza baadaye.

Neno litakalokusumbua zaidi ni riba. Katika vitabu vya mabenki ni neno la kila siku, na mwandishi wa programu aliyelizoea atalitia katika lugha yake bila kufikiri mara mbili. Lakini katika pwani yetu, na popote penye Waislamu wengi, wapo wanachama ambao kwao riba ni haramu iliyo wazi, na kikundi kinachowakusanya ama hutoza ada maalumu ya huduma, ama hakitozi kitu. Hapa usifanye haraka ya kusema kwamba ada na riba ni kitu kimoja kwa majina mawili, ukaliondoa moja na kuweka la pili. Uliza. Katika kikundi kimoja utaambiwa kwamba ada ni kiasi kisichobadilika, shilingi kadhaa kwa kila mkopo, uwe mkubwa au mdogo, ukae mwezi au mitatu. Hicho ni kitu kingine kabisa, chenye hesabu yake. Katika kikundi cha pili utaambiwa kwamba ni asilimia, ila wanapenda kuiita ada. Hapo ni jina tu. Lugha yako ikiwa na neno moja kwa vitu viwili, utawahesabia watu vibaya, na ikiwa na neno ambalo wenyewe wanalikimbia, hawataisoma, nao watakuwa na haki.

Kinyume chake pia hutokea, neno moja likabeba maana mbili na zote mbili zikawa halali, kila moja mahali pake. Angalia hisa. Kikundi cha watu 20, ambao kwa wastani kila mmoja amenunua hisa 3 katika kila mkutano kwa mikutano 50, kina hisa 3,000. Bei ikiwa shilingi 2,000, akiba ni shilingi 6,000,000. Mzunguko mzima hisa ni shilingi 2,000, haipandi wala haishuki. Siku ya kugawana, ikiwa ada na faini zimeleta shilingi 900,000, sanduku lina 6,900,000, na hisa ileile sasa ni shilingi 2,300, basi mwenye hisa 150 huondoka na 345,000. Bei ya hisa na thamani ya hisa ni vitu viwili, na mwandishi wa programu aliyeweka sehemu moja tu ya kuhifadhi tarakimu hiyo atajikuta siku ya mgao anabadilisha bei za mikutano iliyopita. Evans alishauri kwamba mahali kama hapo uchore mpaka, useme kwamba ndani ya mkutano neno hisa lina maana hii, na ndani ya mgao lina maana ile, kisha uweke njia moja tu iliyo wazi ya kuvuka mpaka huo. Nchini Tanzania ipo mipaka mingine nje ya kikundi: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavihesabu vikundi hivi katika daraja la nne na kuviita vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha, jina ambalo sijamsikia mwanachama akilitamka, liache katika sehemu ya programu inayotengeneza taarifa za serikali, lisiingie sebuleni.

Katika mgao huohuo limo jambo dogo ambalo huleta ugomvi mkubwa. Kama sanduku lina shilingi 6,895,000 badala ya 6,900,000, kila hisa inakuwa 2,298 na sehemu ndogo ya shilingi, ambayo hapana sarafu ya kuilipa. Ukilipa 2,298 kamili, shilingi 1,000 husalia sandukuni. Kompyuta haitaona ajabu. Watu ishirini waliozunguka meza wataona. Katiba nyingi hazikuandika juu ya shilingi hizo, kwa sababu siku zote mwenyekiti alisema ziwe mwanzo wa mzunguko ujao na wote wakaitikia. Kazi yako ni kuliuliza jambo hilo kabla ya siku yenyewe na kulipatia mstari wake katika lugha, na fedha uzihesabu kwa shilingi kamili, usizihesabu kamwe kwa namba za desimali ambazo kompyuta huzikadiria.

Wakati nao una mitego yake, na kwa Mswahili mitego hiyo ni zaidi. Saa kumi za jioni ni saa 16:00 ya kompyuta, na mimi mwenyewe, kwa uvivu wa siku moja, niliandika 10:00 katika kigezo cha kuanza mkutano, programu ikawatoza faini ya kuchelewa watu wote waliofika mapema. Kwa desturi ya pwani siku huanza jua linapokuchwa, basi usiku wa Ijumaa kwa bibi ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ilhali kwa mjukuu aliyesoma kalenda ya ukutani ni ule unaoufuata. Mwezi unaweza kuwa wa kalenda, unaweza kuwa wa kuandama, na katika vikundi vingi si huu wala ule, bali ni mikutano minne. Nilipoligundua hili la mwisho mambo mengi yalinyooka: watu hawa hawapimi muda kwa siku, huupima kwa mikutano, na mkopo wa miezi mitatu ni mkopo wa mikutano 12, hata kama mmoja uliahirishwa kwa sababu ya mvua. Maadamu wenyewe hupima hivyo, lugha nayo ipime hivyo.

Sasa, kabla ya sarufi, jenga mfano wa fani katika msimbo wa kawaida, maana Fowler ametuonya, na uzoefu umethibitisha, kwamba lugha iwe utando mwembamba juu ya mfano ulio imara, na mfano huo uweze kusimama na kujaribiwa hata kama lugha haijatungwa. Tenganisha kwanza vitu vyenye nafsi na vitu vyenye thamani tu. Mwanachama ana nafsi: akibadilisha jina baada ya ndoa, akihama mtaa, akipoteza kitabu chake, bado ni yeye, na wakiwamo akina Fatuma watatu katika kikundi kimoja hawachanganyiki; hapo ndipo zile nambari walizopeana zinapokufaa, kwani utambulisho uliokuwa ukitaka kuubuni wamekwisha kuubuni wao. Shilingi 2,000 haina nafsi. Noti hii na ile ni sawa.

Kisha tafuta aila, yaani kundi la vitu vinavyobadilika kwa pamoja chini ya mkuu mmoja, ambavyo hairuhusiwi kuvigusa ila kwa kupitia kwake. Katika vitabu sehemu hii huelezwa kwa taabu, na wanafunzi wengi hukwama hapo, lakini kikundi cha hisa kinaifundisha kwa sanduku lake. Sanduku halifunguliwi nje ya mkutano; halifunguliwi bila ya washika funguo wote watatu; fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote kabla ya kufungwa tena. Basi mkutano ndio aila, na kila ununuzi wa hisa, kila mkopo, kila marejesho na kila faini hukaa ndani ya mkutano mmoja, na mkutano ama umefungwa hesabu zikiwa sawa, ama haujafungwa na hakuna kilichoandikwa. Mwandishi wa programu anayetaka mwanachama aweze kununua hisa kwa simu usiku wa manane atasema kwamba jambo hili ni la kizamani. Huenda, lakini kwanza amwulize mshika ufunguo.

Tunafika kwenye sarufi, na hapa nakuomba wasaa zaidi, kwa sababu lugha nyingi za fani ulizoziona zimetungwa juu ya Kiingereza, na ukizifuata kibubusa utaangukia shimoni. Kiingereza kina neno lake la kukanusha, linasimama peke yake, na mashine hulikamata kwa urahisi. Sisi hukanusha ndani ya kitenzi. Katiba husema mwenye deni atapewa mkopo, au mwenye deni hatapewa mkopo, na tofauti baina ya hukumu hizi mbili zinazopingana ni herufi moja, h, ambayo ni nyepesi ulimini mwa wengi wetu, huachwa katika usemi na huachwa katika uandishi. Katika karatasi wenye akili watalifahamu kosa na kulirekebisha. Mashine haitafahamu, itatoa mkopo. Kwa hiyo nimeacha kabisa kukanusha kwa kitenzi katika lugha ninazotunga, nikategemea maneno matatu ambayo kila mtu anayajua tangu utotoni na hayawezi kudhaniwa kuwa mengine: lazima, ruhusa na marufuku. Kitenzi kinachofuata hukaa katika umbo lake la ku-, na hapo nafsi na nyakati, ambazo zingekulazimisha kuandika sarufi ndefu, zinaondoka zenyewe.

Upatanisho wa ngeli ni taabu ya pili. Tunasema hisa tatu, watu watatu, miezi mitatu, vitabu vitatu. Tunasema akiba yake, mkopo wake, deni lake, hisa zake. Ama ufundishe mchanganuzi wako maumbo yote hayo, ama utake idadi ziandikwe kwa tarakimu na umilikaji uachwe pale ambapo mwenyewe anajulikana. Mimi hushika njia ya pili, kwa kuwa watu hawachoki kusoma tarakimu. Lakini usithubutu kuwalazimisha waandike kwa upatanisho mbovu, waseme miezi tatu, ati kwa sababu mashine inapenda hivyo. Lugha inayomkirihi msomaji wake kwa sarufi haitaaminiwa katika hesabu. Baada ya mashauri hayo katiba yaweza kuwa hivi:

bei ya hisa shilingi 2000
lazima kununua hisa 1 hadi 5 kila mkutano
marufuku mkopo kuzidi mara 3 ya akiba
lazima kurejesha mkopo ndani ya mikutano 12
ada ya mkopo asilimia 5 kila mikutano 4
faini ya kuchelewa shilingi 500
marufuku kukopesha katika mikutano 8 ya mwisho

Mistari hii saba si Kiswahili cha malenga, wala si msimbo. Mweka hazina huisoma bila msaada, na kila mstari una mahali pake pamoja katika mfano. Neno akiba katika mstari wa tatu limeulizwa na kujibiwa: ni hisa za mwanachama kwa bei yake, bila mfuko wa jamii, ambao ni fedha ya misiba na maradhi na haukopeshwi. Angalia pia kwamba sikutunga neno jipya kwa kila kanuni. Mwaka 2000 Simon Peyton Jones, Jean-Marc Eber na Julian Seward walionyesha kwamba mikataba ya fedha ya aina nyingi mno yaweza kujengwa kwa viungo vichache vinavyounganika. Nasi vilevile, tukiwa na lazima, ruhusa, marufuku, kiasi, kipimo cha mikutano na sharti moja la kuuliza hali ya mtu, tumekwisha kutosheleza katiba nyingi kuliko utakavyodhani. Ukisikia mtu anataka uongeze marudio, vigeu na hesabu za kubuniwa, kataa kwa adabu, upeleke haja yake katika msimbo wa kawaida, kwani lugha ndogo ikinenepa huwa lugha kubwa iliyo mbovu.

Namna ya kuijenga ni mbili, na uchaguzi hutegemea ni nani atakayeandika. Kama waandishi ni mafundi wa programu peke yao, itie lugha yako ndani ya lugha mwenyeji; Ruby na Kotlin hukubali kupindwa hata zikasomeka karibu na usemi wa kawaida, na hutahitaji mchanganuzi. Kama mweka hazina atagusa maandishi hayo kwa mkono wake, mpe lugha iliyo huru, yenye sarufi yake, ambayo kifaa kama ANTLR cha Terence Parr kitakusaidia kuigawa katika vipande, kuipanga kuwa mti, kisha wewe utautembelea mti huo ukijaza mfano wako. Kazi ya uchanganuzi yenyewe ni ya siku chache. Sisemi zaidi juu yake, vitabu vimejaa.

Yatakayochukua siku nyingi ni makosa. Mwenye kuandika akikosea, ajibiwe kwa maneno ya kazi yake: mstari wa 3, mara ngapi ya akiba? Asiambiwe habari za vipande visivyotarajiwa. Na makosa yako wewe mtunzi uyarekebishe mapema, usione haya. Feldman alipoitunga Make aliweka kanuni kwamba mistari fulani ianze kwa alama ya tabo, ambayo jicho haliwezi kuitofautisha na nafasi tupu. Alipotambua ubaya wake alikuwa na watumiaji kama dazeni moja, akaona si vyema kuwasumbua, na mpaka leo mafundi wa dunia nzima wanasumbuka kwa huruma ile.

Katiba hubadilika, aghalabu katikati ya mzunguko, na aliyekopa chini ya kanuni ya zamani hana budi kuhesabiwa kwa kanuni ya zamani. Kwa hiyo kila mabadiliko yabebe mwanzo wake, kuanzia mkutano wa 14, na ya awali yasifutwe. Kisha uombe daftari la mzunguko uliopita, lile lenye madoa ya chai, na ulipitishe lote ndani ya lugha yako, mkutano kwa mkutano, hadi mgao. Hesabu zikitofautiana na zilizolipwa, usiseme upesi kwamba katibu alikosea. Mara nyingi utakuta kwamba walifuata kanuni ambayo hawakuiandika.

Hatimaye chapisha katiba hiyo katika karatasi, uende nayo mkutanoni, na uisome kwa sauti, kwa kuwa wamo wasiosoma na wamo wasiopenda kuvaa miwani mbele za watu. Soma polepole, mstari mmoja mmoja, ukiweka alama pale wanapoguna. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilisoma hadi mwisho bila ya mtu kupinga, nikaanza kukunja karatasi, na bibi mmoja aliyeketi karibu na sanduku akaniuliza, "Mwanangu, na aliyefiwa je?" Nikamwambia sikufahamu. Akasema, "Aliyefiwa hatozwi. Akikosa mikutano miwili hatozwi, na muhuri wake tunampigia sisi." Wote wakaitikia kama jambo ambalo halikuhitaji kusemwa. Halikuwamo katika katiba, halikuwamo katika daftari, wala katika mistari yangu. Nikamshukuru, nikaikunjua karatasi, nikaandika chini yake: ruhusa kukosa mikutano 2 kwa msiba. Nusu ya pili ya maneno yake, ile ya muhuri, ilinichukua juma zima kuipatia mahali katika mfano.